Tuwapimeje Walimu wa Mazoezi ya Vikundi?

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwa viongozi wa vikundi vya mazoezi na kamati zao. Tumeyaandika hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya swali ambalo kamati nyingi zimekuwa zikituuliza: tutajuaje kama mwalimu wetu wa mazoezi anafanya kazi nzuri? Wengine wameuliza kwa njia nyingine: huyu tumwongeze posho, au tumwambie apumzike? Ni swali la haki, kwa sababu upande mmoja kuna afya ya watu, na upande mwingine kuna mtu anayetegemea kazi hiyo, pengine kijana ambaye shilingi zile ndizo nauli na chakula chake. Kwa hiyo tusilijibu kwa haraka.

MAZOEZI YAMEFIKAJE KWETU

Miaka ya nyuma ukitaja mazoezi, watu walifikiria wanariadha, askari na watoto wa shule. Mama wa makamo akionekana akikimbia barabarani asubuhi, watu waliuliza anakimbizwa na nani. Siku hizi mitaa mingi ina kikundi kinachokutana jioni, kama si ukumbini basi katika uwanja wa shule. Wapo wazee, wapo akina mama waliotoka sokoni, wapo walioambiwa na daktari wapunguze uzito.

Jambo hili halikuja bure. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2015 kwa watu wa miaka 18 hadi 69 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata siku moja. Maana yake ni kwamba mkiwa na watu 40 ukumbini, pengine 10 kati yao wana presha, na baadhi yao hawajui.

Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila juma, pamoja na mazoezi ya kukaza misuli angalau siku mbili. Wale wa miaka 65 na zaidi wanaambiwa waongeze mazoezi ya kujisimamisha sawasawa, yaani yale yanayomzuia mzee asianguke, siku tatu au zaidi kwa juma. Kikundi kinachokutana mara tatu, dakika 50 kila mara, kinatimiza zile 150. Kwa hiyo kikundi ni kitu kizuri sana, na mwalimu wake anastahili heshima.

Lakini kazi yake si ndogo. Fundi akikosea kushona kiatu, kiatu kinarudishwa. Goti la mama halirudishwi. Ndiyo sababu ni lazima tuwapime walimu wetu, na tuwapime vizuri.

VIPIMO AMBAVYO HAVITOSHI

Tumezunguka tukisikiliza kamati zikiwasifu au kuwalaumu walimu, na mara nyingi tunasikia vipimo hivi vinne:

Kwanza, wingi wa watu. "Huyu anajaza ukumbi." Ni vizuri, lakini ukumbi unaweza kujaa watu wapya kila mwezi huku wa zamani wakitokea mlango wa nyuma. Ukihesabu vichwa tu hutaona tofauti.

Pili, jasho na maumivu. "Jana alitumaliza kabisa, hata ngazi sikuweza kupanda!" Mtu aliyeanza mazoezi atahisi misuli yake ikiuma kidogo kwa siku moja au mbili, hilo ni la kawaida. Lakini maumivu ya kiungo chenyewe, kama goti, kiuno au bega, si dalili ya kazi nzuri. Na jasho linaweza kuletwa na joto la mabati tu.

Tatu, umbo la mwalimu. Watu hupenda kijana mwenye kifua kipana au msichana mwembamba mwepesi. Lakini mwili wake unaonyesha jinsi yeye alivyojifanyia mazoezi. Hauonyeshi kama anajua kumfundisha mtu wa miaka 60 mwenye kisukari.

Nne, muziki. Jameni, muziki mzuri unasaidia, hatukatai. Lakini spika ikifunguliwa mpaka maelekezo hayasikiki, watu wa nyuma wanabaki kubahatisha. Wataalamu wanaonya kwamba sauti inayozidi desibeli 85 kwa muda mrefu huharibu masikio. Kwa kuwa wengi wetu hatuna chombo cha kupimia, tumia njia hii: kama ni lazima umpigie kelele mtu aliye umbali wa mkono mmoja ndipo akusikie, punguza. Tena majirani nao wana haki yao, na sheria za mwaka 2009 juu ya kelele zinawalinda.

MFANO WA KIKUNDI KIMOJA

Wacha tuwape mfano wa kikundi kimoja tunachokifahamu, bila kukitaja jina. Kilikuwa na walimu wawili. Jumanne ilikuwa ya mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, mpole, asiyetumia muziki mwingi. Walikuja watu 14 au 15. Alhamisi ilikuwa ya kijana mwenye nguvu na vichekesho, na ukumbi ulijaa watu 40. Kamati ikaona hesabu iko wazi: mama apumzike, kijana apewe siku zote mbili. Barua ilikuwa karibu kuandikwa.

Mweka hazina akasema, kabla ya kuandika, tufungue daftari la mahudhurio. Wakafanya jambo dogo tu: wakachukua majina ya wote waliojiunga mwezi wa kwanza wa mwaka, wakatazama ni nani bado alikuwa anakuja mwezi wa nne. Upande wa Jumanne, waliojiunga walikuwa 12 na waliobaki walikuwa 10. Upande wa Alhamisi waliojiunga walikuwa 36, na waliobaki walikuwa 11. Wale wengine 25 walikwenda wapi? Wanakamati wakagawana majina, wakaenda kuwatembelea. Baadhi walikuwa wamehama au wamepata kazi za jioni. Lakini wengi walisema maneno yanayofanana: "Nilishindwa kufuata, nikaona aibu." "Goti lilianza kuvimba." Nyanya mmoja alisema, "Yule kijana ni mzuri, lakini ile ni ya vijana."

Kijana hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kila wiki alisikia makofi tu, kwa hiyo alijua anafanya vizuri. Na yule mama naye alikuwa karibu kuondolewa bila mtu yeyote kuingia ukumbini kumtazama akifundisha. Wote wawili walikuwa wamekosewa na kipimo kibaya.

Kamati haikumfukuza yeyote. Iliwaomba watazamane wakifundisha, kwa mwezi mmoja. Kijana akajifunza kutoa njia nyepesi ya kila zoezi. Mama akajifunza kupaza sauti na kuchangamsha watu. Hapo ndipo tunapoona faida ya tathmini: si kutafuta wa kufukuzwa, bali kutafuta wa kusaidiwa na kwa jambo gani.

TUPIME NINI BASI?

Tugawe kazi ya mwalimu katika sehemu tatu: kabla ya kipindi, wakati wa kipindi, na kipindi kinapokwisha.

(a) Kabla ya kipindi. Mwalimu mzuri hufika mapema. Anatazama sakafu kama ina maji au misumari. Anatazama viti: kiti cha plastiki kisichoegemezwa ukutani huteleza na kumwangusha mzee. Anatazama miguu ya watu: kurukaruka juu ya saruji kwa malapa ni kutafuta balaa, na mwenye kisukari asifanye mazoezi pekupeku, maana anaweza kujikata bila kuhisi.

Zaidi ya hayo, anawauliza wapya maswali ya afya. Kuna orodha ya maswali saba iliyotungwa Canada miaka ya 1970 ambayo imetumika nchi nyingi. Kwa maneno yetu tunaweza kuuliza hivi: Je, daktari amewahi kukuambia una ugonjwa wa moyo? Je, unapofanya kazi ya nguvu unaumwa kifua? Je, mwezi uliopita umeumwa kifua ukiwa umepumzika? Je, hupatwa na kizunguzungu hadi kuanguka, au umewahi kuzirai? Je, una mfupa au kiungo kinachoweza kuzidi kuumia? Je, unatumia dawa ya presha au ya moyo? Je, kuna sababu nyingine yoyote ya kukuzuia? Akijibu ndiyo hata kwa swali moja, aende kwanza zahanati azungumze na mhudumu wa afya. Hatumfukuzi, tunamlinda. Na majibu hayo ni siri yake. Mwalimu anayetangaza kwa maiki, "Mama fulani ana presha, asiruke," huyo amekosa hata kama nia yake ni njema.

(b) Wakati wa kipindi. Aanze kwa kupasha mwili moto dakika 5 hadi 10, taratibu. Aeleze hatua kabla ya kuibadilisha, si baada. Akiwa amewageukia watu, atumie mkono wake wa kushoto wanapotakiwa kutumia wa kulia, ili wamwige kama kioo. Kwa kila zoezi gumu aonyeshe na njia nyepesi: anayeweza kuruka aruke, asiyeweza akanyage tu, anayeweza kuchuchumaa achuchumae, asiyeweza akae kitini na kuinuka. Na hiyo njia nyepesi asiiite ya wavivu wala ya wazee. Aseme tu, "Chagua moja kati ya hizi mbili."

Awakumbushe kupumua. Mtu mwenye presha akibana pumzi huku akiinua kitu kizito, presha hupanda ghafla.

Tena apime nguvu ya zoezi. Wengine hutumia hesabu: 220 toa umri, unapata kiwango cha juu cha mapigo ya moyo kwa dakika. Mtu wa miaka 60 anapata 160, na kwa mazoezi ya wastani mapigo yake yawe kati ya 102 na 122 hivi. Hesabu hiyo ni ya kukadiria tu, na ina tatizo kubwa kwetu: baadhi ya dawa za presha hupunguza mwendo wa moyo, kwa hiyo mtu anaweza kuwa amechoka kabisa na mapigo yake bado yako chini. Njia nyepesi na salama zaidi ni kipimo cha maneno. Anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba yuko kwenye wastani. Anayeweza kuimba wimbo mzima aongeze kidogo. Asiyeweza kutamka maneno machache bila kuvuta pumzi apunguze.

Wengine wanatumia kipimo cha Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi, ambacho mtu mwenyewe anataja namba kuanzia 6 hadi 20 kuonyesha jinsi anavyohisi uzito wa kazi. Kwenye 12 na 13 ni wastani. Kikundi kinaweza kuzoea namba hizo kwa muda mfupi. La muhimu ni kwamba mwalimu awaulize watu, asikisie kwa kutazama nyuso za walio mbele.

Na mtu akikosea, arekebishwe kwa heshima. Kwanza kwa maneno kwa kikundi chote, bila kumtaja mtu. Kisha kwa kumsogelea na kumwonyesha. Kumgusa ni mpaka aombwe ruhusa, hasa mwanamume anapomfundisha mama, au kijana anapomfundisha mzee.

(c) Kipindi kinapokwisha. Asikate ghafla. Watu wakisimama mara moja baada ya kazi kali, damu hubaki miguuni na mtu anaweza kupata kizunguzungu, zaidi yule anayetumia dawa za presha. Wapewe dakika 5 au zaidi za kutembea polepole na kunyoosha viungo. Kisha mwalimu abaki kidogo, maana ndipo mtu mwenye shida hujitokeza kuisema.

KARATASI YA TATHMINI

Ili tusipime kwa macho ya mapenzi au ya chuki, tutumie karatasi moja kwa walimu wote. Hii hapa tunayopendekeza. Kila swali lina alama 0, 1 au 2: 0 kama halikufanyika, 1 kama lilifanyika nusu, 2 kama lilifanyika vizuri.

1. Alifika mapema na kukagua sakafu, viti na viatu.
2. Aliwauliza wapya maswali ya afya, kwa siri.
3. Alipasha mwili moto kwa dakika 5 hadi 10.
4. Alieleza hatua kabla ya kuibadilisha, na alisikika nyuma.
5. Alionyesha njia nyepesi kwa kila zoezi gumu.
6. Alitumia kipimo cha maneno, au kingine, angalau mara mbili.
7. Aliwaona waliokosea na kuwarekebisha kwa heshima.
8. Muziki haukufunika maelekezo.
9. Alituliza mwili kabla ya kumaliza.
10. Anajua la kufanya mtu akianguka au kuumwa kifua.

Jumla ni alama 20. Lakini angalieni: namba 2, 5 na 10 ni za lazima. Mwalimu anaweza kupata 17 na bado akawa na 0 kwenye namba 10. Huyo asiongoze peke yake mpaka ajifunze. Alama nyingi za muziki na uchangamfu haziwezi kulipia usalama.

Hiyo namba 10 muulizeni ana kwa ana. Simu ya zahanati iko wapi? Nani ana gari karibu? Mwenye kisukari akianza kutetemeka, kutoka jasho baridi na kuchanganyikiwa, utafanya nini? (Kama ana fahamu na anaweza kumeza, apewe haraka maji yenye sukari au soda ya kawaida. Kama amezirai, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.) Mtu akianguka, haitikii na hapumui sawasawa, utafanya nini? Mwalimu awe amefundishwa kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hivi, huku mwingine akitafuta msaada. Mafunzo hayo hayapatikani kwa kusoma gazeti. Kamati imtafutie mkufunzi.

Watazamaji wawe wawili, wakae mbali mbali, kila mmoja na karatasi yake. Mmoja atazame mwalimu. Mwingine atazame mstari wa nyuma, ahesabu: mara ngapi watu walisimama kabisa? Hatua ilipobadilishwa, wangapi walipotea? Kuhesabu ni bora kuliko kusema "niliona watu kama hawafurahi." Wakimaliza, kila mmoja atie alama peke yake, ndipo walinganishe. Mmoja akitoa 8 na mwenzake 16, basi kuna swali halikueleweka, au kuna mtu aliyekuja na uamuzi wake kutoka nyumbani. Warudie swali kwa swali.

Tena msimpime mtu kwa siku moja. Kila mmoja wetu ana siku yake mbaya. Mtazameni angalau mara mbili kabla ya kusema neno, na mpeni karatasi aisome mapema. Hii si mtego wala mtihani wa kuvizia. Akijua tunatafuta nini na akajirekebisha kabla hatujafika, sivyo tulivyotaka?

TUWASIKILIZE NA WANAKIKUNDI

Mwaka 1959 Mmarekani mmoja, Donald Kirkpatrick, aliandika kwamba mafunzo yoyote yapimwe kwa ngazi nne: Je, watu waliyapenda? Je, walijifunza? Je, wanayatumia? Je, kuna matokeo? Sisi mara nyingi tunaishia ngazi ya kwanza.

Kwa ngazi hiyo ya kwanza, msiulize kwa kuinua mikono mbele ya mwalimu. Nani atakataa? Tumieni mahindi na maharagwe. Kila mtu anapita nyuma ya pazia: hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana, anatumbukiza kwenye mkebe. Swali moja, mkebe mmoja. Kwa mfano: "Je, unasikia maelekezo ukiwa nyuma?" "Je, umeumia mwezi huu?" "Je, umewahi kuona aibu hapa?" Hata asiyejua kusoma anapiga kura yake kwa siri.

Kwa ngazi ya pili, mwombeni mtu awaonyeshe jinsi ya kuinua mtungi wa maji bila kuumiza mgongo. Kwa ya tatu, ulizeni wanafanya nini siku ambazo hakuna kipindi. Kwa ya nne, kuna kipimo rahisi cha nguvu ya miguu kwa wazee: mtu anakaa kwenye kiti kigumu chenye urefu wa sentimita 43 hivi, kimeegemezwa ukutani, anakunja mikono kifuani, kisha anasimama na kukaa kwa sekunde 30. Hesabuni mara alizosimama sawasawa. Rudieni baada ya miezi mitatu. Nyanya aliyesimama mara 7 akifika 10, hapo mna habari ya kweli.

Lakini msimpime mwalimu kwa presha ya watu. Presha inategemea pia dawa, chumvi, usingizi na mawazo ya nyumbani. Kumlaumu au kumsifu kwa hiyo si haki.

KUZUNGUMZA NA MWALIMU

Tathmini isiyofika kwa mwenyewe ni umbea. Zungumzeni naye siku hiyo hiyo au kesho yake, faraghani, watu wawili au watatu tu. Mwacheni aanze yeye: "Wewe mwenyewe umeona kipindi kilikwendaje?" Mara nyingi atataja kasoro zake kabla yenu. Kisha mwambieni lililokuwa zuri, na mlitaje waziwazi. Halafu kasoro, nazo zitajwe kwa mambo yaliyoonekana. Msimwambie, "Wewe una haraka." Mwambieni, "Ulibadilisha hatua mara sita bila kuonya, na kila mara watu wanne au watano wa nyuma walisimama." Hilo hawezi kulibishia, na analijua la kufanya.

Msimpe kasoro kumi kwa siku moja. Chagueni moja au mbili, mkianza na za usalama. Andikeni mlilokubaliana, nani atasaidia, na tarehe ya kumtazama tena. Mpeni nakala. Naye awe na nafasi ya kuandika maoni yake chini kama hakubaliani.

HAKI YA MWALIMU

Mwisho tuseme juu ya upande wa mwalimu, kwa sababu mara nyingi husahauliwa.

Asipimwe na ndugu yake, wala na mtu anayeitaka kazi ile. Asipimwe na mtu ambaye hajawahi kuhudhuria kipindi hata kimoja. Mazungumzo ya tathmini yasichanganywe na mazungumzo ya posho siku moja, maana akiogopa kunyimwa pesa hatasema shida zake.

Na kamati nayo ijiulize: Sisi tumempa nini? Kama ukumbi una watu 45 na hauna maiki, sauti yake itaisha, na kumkata alama za kutosikika ni uonevu. Kama hakuna kisanduku cha huduma ya kwanza, kosa si lake. Kama tumempa wazee na vijana katika kipindi kimoja, tumempa mzigo wa watu wawili. Nusu ya kasoro mtakazoziona kwenye karatasi mnaweza kuzikuta ni za kamati yenyewe.

Kama baada ya kusaidiwa, kutazamwa tena na kupewa muda, mwalimu bado hawaulizi watu afya zao na bado anawarukisha wagonjwa, basi kamati imwondoe, bila kelele na bila kumharibia jina. Hapo hakuna atakayesema ameonewa, kwa sababu karatasi zipo na tarehe zipo.

TUONDOKE NA NINI?

Tunawaomba kila kamati ifanye mambo matatu kabla ya miezi mitatu kwisha:

Moja, fungueni daftari la mahudhurio mwone waliojiunga na waliobaki. Kama hamna daftari, nunueni leo mkirudi nyumbani.

Mbili, watembeleeni watano kati ya walioacha. Msiende kuwalaumu, nendeni kuwauliza.

Tatu, mtazameni kila mwalimu mara mbili kwa karatasi hii, mzungumze naye, mwandike mliyokubaliana.

Mtakapokutana tena, leteni karatasi zenu tulinganishe. Mkiona swali halifai huko kwenu, libadilisheni, lakini yale matatu ya lazima msiyaguse. Na kama mwalimu wenu yuko hapa leo, msimwache arudi peke yake akijiuliza mmemwazia nini. Msindikizeni, mwanze mazungumzo hayo njiani.

 Sasa tuko tayari kwa maswali.